Kuku Asiye na Risiti

Nilipomaliza kidato cha nne, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nilipata kazi ya keshia mjini Nyeri, katika supamaketi ambayo mteja alijichukulia vitu mwenyewe. Jambo hilo lilikuwa geni kwetu. Tulizoea kusimama mbele ya meza, kutaja tunachotaka, na mwenye duka akageuka kukitafuta. Sasa watu walitembea kati ya rafu wakishikashika kila kitu, wakinusa sabuni na kuirudisha, wakinong'ona kama wako kanisani. Mimi niliketi kaunta ya pili, ndani ya sare ya samawati iliyonipwaya mabegani, nikibonyeza mashine iliyolia kengele kila droo ilipofunguka. Niliipenda kengele ile mno. Siku ya kwanza niliifungua droo mara tatu bila sababu yoyote.

Meneja wetu alikuwa mwanamume mwembamba, mpole, mzaliwa wa Kerugoya. Mwezi wa saba alitumwa Nairobi kwa semina ya siku mbili kuhusu kuhudumia wateja, akarudi kama mtu aliyeokoka. Alitukusanya kabla ya kufungua milango.

"Kuanzia leo mteja ni mgeni," alisema. "Unamwangalia usoni. Unatabasamu. Risiti unampa kwa mikono miwili. Halafu unamwambia: asante, karibu tena."

"Na kama amenuna?" akauliza mwenzangu wa kaunta ya kwanza.

"Akinuna, ongeza tabasamu."

Asubuhi ile tabasamu letu lilitutia taabuni. Mzee mmoja aliyenunua betri za redio aliniuliza ni nini hasa kinachonichekesha. Mwalimu mmoja alijipangusa masharubu mara mbili akidhani yana uji. Mimi na mwenzangu tulikuwa tumejiuma midomo hadi machozi yakatutoka, na kila tulipokodoleana macho mambo yalizidi kuharibika.

Ndipo akaja nyanya mmoja mwenye kitambaa cheupe kichwani na kiondo mgongoni, ukanda wake umepita kwenye paji la uso. Aliweka sukari na majani chai mbele yangu. Akaniambia ametoka Kiriaini kumwona binti yake, aliyejifungua mapacha katika hospitali ya mjini. Mapacha! Sikuhitaji tena kulazimisha tabasamu. Nilimpongeza, nikampa risiti kwa mikono miwili, nikasema, nikimwita kama ninavyomwita bibi yangu kwa Kikuyu, "Asante, cucu, karibu tena."

Alinitazama kwa makini. "Ati nikaribie tena?"

"Ndiyo, cucu. Karibu sana."

Alitoka. Askari wa mlangoni, mwanajeshi mstaafu ambaye hakuna kitu kilichompita bila risiti, akaikagua karatasi yake na kuichana pembe. Nyanya akasimama nje kidogo, akafikiri, akageuka, akaingia tena. Akaja moja kwa moja hadi kwenye kaunta yangu.

"Haya, msichana yangu," akasema. "Nimerudi."

Nilidhani amesahau kitu. Nikamuuliza anataka nini.

"Si ni wewe umeniita? Mtu akikaribishwa mara mbili hakatai. Ni dharau."

Mwenzangu akainamia mashine yake, mabega yakitetemeka. Mimi sikucheka. Nilimwona amesimama pale, ametua kiondo chake, anasubiri kwa heshima kabisa, nikajua kwamba kati yetu wawili ni mimi niliyetamka maneno bila kuyafikiria. Nyumbani kwetu mgeni haondoki bila kutia kitu kinywani. Nikamwomba mwenzangu anishikie kaunta, nikampeleka nyanya stoo, nikamkalisha juu ya gunia la mchele, nikammiminia chai yangu ya saa nne kutoka kwenye thamosi. Alikunywa polepole, akanieleza mapacha walivyofanana, ila mmoja ana sauti ya kulia na mwingine ana miguu ya kurusha. Meneja alichungulia, akamwona, akanitazama, akarudi nyuma taratibu. Ni yeye mwenyewe aliyesema mteja ni mgeni.

Siku nne baadaye, saa ambayo duka limejaa, nikasikia jina langu jipya la kazi likiitwa kutoka mwisho wa foleni: "Wewe wa chai!" Watu wakampisha. Nyanya akaja akicheka, akaingiza mkono kiondoni, akaweka juu ya kaunta yangu kuku jike mwekundu, hai, miguu imefungwa kwa kamba ya mkonge.

"Nilitoka na wawili," akasema. "Mmoja nimempelekea mama ya mapacha. Huyu ni wako. Sikuja kunywa chai ya watu halafu nikanyamaza."

Nilinyoosha mikono miwili, kama nilivyofundishwa. Wakati huohuo mwenzangu alibonyeza mashine yake, droo ikafunguka, kengele ikalia. Kuku akaruka. Kamba ikafunguka hewani, au labda haikuwa imekazwa. Nilichoona ni mabawa tu, kisha mkia ukipotelea kwenye rafu za sabuni.

Lililofuata sijui nilieleze vipi. Nesi mmoja aliacha toroli lake na kujilaza sakafuni kuchungulia chini ya rafu. Mwalimu wa masharubu alitandaza koti lake kama wavu, akamkosa kuku, akamfunika meneja. Mtu akapiga kelele, "Ameenda kwa unga!" na kweli wingu jeupe likainuka upande ule. Watu ambao hawakuwahi kusalimiana maishani walikuwa wakipeana amri. Mimi nilikuwa nimepanda juu ya kiti changu, nacheka hadi mbavu zinauma, sare yangu imefunguka vifungo viwili.

Nyanya peke yake hakutikisika. "Mnamtisha bure!" akatukemea. "Nyamazeni!"

Duka zima likanyamaza. Akainama, akachukua punje chache za mchele zilizomwagika, akaita kwa sauti ndogo, "Tu-tu-tu-tu." Kuku akatokea kati ya majagi ya plastiki, mweupe kwa unga, akatembea katikati ya watu bila haraka, akaja kudonoa miguuni pake. Watu walipiga makofi. Meneja, koti la mwalimu likiwa bado begani, alipiga makofi pia.

Kazi ilipoisha saa kumi na moja, nilivaa sweta, nikamkumbatia kuku wangu, nikaelekea mlangoni. Askari akainua mkono.

"Risiti."

"Ya nini, mzee?"

"Ya kuku."

"Lakini hapa hatuuzi kuku! Na wewe ulimwona akiingia!"

"Kuingia nilimwona. Kutoka, nataka karatasi. Leo nikiachilia kuku, kesho nitaachilia nini?"

Hakuwa anatania. Nilimsihi, mwenzangu akamsihi, hata nesi aliyekuwa amerudi kuchukua mwavuli wake akamsihi. Mwishowe meneja akaitwa. Alisikiliza pande zote mbili kwa uso mzito kama hakimu, akaenda kwenye mashine yangu, akakata kipande cha karatasi, akaandika kwa kalamu na kusoma kwa sauti: "Kuku mmoja, jike, mwekundu. Zawadi kutoka kwa mgeni. Aruhusiwe kutoka." Akatia sahihi. Askari akaisoma yote, akamkagua kuku kama analingana na maelezo, akaichana pembe.

"Sasa uko sawa," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi pale nikaona meno yake.

Nilipanda kwa miguu kwenda mtaa wa Skuta, nilikoishi na tata yangu, yaani shangazi, nikiwa nimemfungia kuku ndani ya sweta, kichwa chake kikitokeza kifuani pangu. Manyunyu yalikuwa yakianguka na upepo wa mlima ulikata masikio, lakini nilikuwa na joto. Kila mtu niliyepishana naye aliniuliza habari ya kuku, nami kila mtu nilimsimulia, kwa hiyo nilichelewa sana. Tata nilimkuta mlangoni tayari amekunja mikono.

"Umetoka wapi saa hizi, na huyo ni nani?"

Nilijaribu kumwambia. Nilifika kwenye koti la mwalimu nikashindwa kuendelea, nikaketi kizingitini nikicheka, na yeye, ambaye bado hakujua lolote, akaanza kucheka kwa sababu mimi nilikuwa nacheka. Kuku akajiondoa kwenye sweta, akajikung'uta unga wa mwisho, akaingia jikoni kuona palivyo.