Siku mama mkwe alipopiga yowe ili ndege itue

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo marahaba. Humu nasomaga tu, leo naandika. Shule niliishia darasa la pili, mnivumilie, ila uongo hamna.

Enzi za Ujamaa, kijijini kwetu upande wa Murangi, Mara, kando ya ziwa, mke wangu Nyanjura alishikwa uchungu. Mtoto amekaa vibaya, barabara imekatwa na mvua. Tabibu wa zahanati akaita ndege ya hospitali kwa redio.

Uwanja ulikuwa malisho tu. Pamba nayo tulikuwaga tunaanika hapo hapo, mwenyekiti anagomba mpaka povu. Tuyaache hayo.

Tukafukuza ng'ombe, tukachoma majani mabichi ili rubani aone moshi unaelekea wapi.

Sasa kwetu mgeni hupokelewa njiani. Kijiji kizima na ngoma kikajipanga mwanzo wa uwanja, upande wa barabara.

Ndege ikashuka, ikaona watu, ikapaa tena.

Tabibu akapiga kelele, "Tokeni! Upepo unatoka ziwani, lazima aje pua ikiutazama, aguse hapo mliposimama! Akigusa mbele zaidi, anaishia majini!"

Mzee wa ngoma akajibu, "Tutoke, mgeni akute hakuna watu? Tuna adabu sisi."

Ikashuka tena, ikapaa tena. Wingu jeusi linakuja, na Nyanjura kwenye machela ameacha hata kulia. Nilijua ikiondoka hii, basi.

Mama mkwe akaweka kiganja mdomoni.

"Uuuwi! Ng'ombe! Ng'ombe zimeenda!"

Wakuu, yowe la wizi wa ng'ombe Mara mnalijua. Wanaume wakanyakua fimbo, wanawake nyuma yao, wote mbio mazizini. Uwanja mweupe.

Ndege ikaja imenyooka na uwanja, taratibu, pua juu kidogo, magurudumu ya nyuma yakagusa kwanza. Laini kama bata anatua majini.

Nyanjura akaenda, akarudi na binti.

Ila yowe la uongo ni kesi. Wazee wakamwita mama mkwe. Akaja na mjukuu, akampakatisha mwenyekiti.

"Ng'ombe zilizokuwa zinaenda ni hizi, za huyu binti akiolewa. Mahari yenu hii hapa, mmeniitia nini?"

Mwenyekiti akacheka mpaka mtoto akaamka. "Mama, nenda nyumbani. Mtoto tuachie kidogo."

Nilichojifunza: mgeni akija na haraka yako, adabu ya kwanza ni kumpisha.

Nyie kwenu ndege ya kwanza mliipokeaje? Semeni, niko hapa nasoma polepole.