Bibi Harusi Katikati ya Mto Njoro

Nanyama alikuwa mwepesi wa kucheka. Alizaliwa Nakuru, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, na tangu utotoni mama yake hakumruhusu kukaa mbele kanisani, maana mhubiri akipiga chafya tu, yeye alikwisha. Mwaka wa hamsini na sita, mvua za Aprili zikiwa zimeshika, aliolewa na Makokha, fundi wa magari katika shamba moja la ngano juu ya Njoro.

Mjomba wake Nicodemus ndiye aliyempeleka kanisani kwa gari lake kuukuu, Ford Prefect jeusi alilolisugua mpaka likang'aa. Nyuma alikaa Shangazi Milcah, amepakata keki.

Walipofika kivukoni, Mto Njoro ulikuwa umefunika mawe yote ya njia. Haukwenda kasi, ila ulikuwa umevimba, rangi ya chai ya maziwa. Ng'ambo alisimama Makokha ndani ya suti, na kwaya nzima nyuma yake. Walikuwa wamekuja kuwalaki.

Makokha alikuwa ameshapima maji kwa fimbo. Yangepita nusu ya gurudumu, na gari dogo kama lile haliwezi hayo. Akaweka mikono mdomoni, akapaza sauti: "Msipite! Msipite!"

Mto ukameza mwanzo wa neno.

"Anasema tupite," Mjomba akatangaza.

"Mjomba, mbona anapunga mikono hivyo?"

"Ana haraka ya kuoa!"

Akakanyaga mafuta. Gari likajitosa kama kiboko, wimbi likaruka juu ya boneti likapiga kioo. Feni ikachota maji na kuyamwaga juu ya plagi za injini. Injini ikakohoa, ikazima katikati ya mto. Maji yakaanza kupenya chini ya milango, na kiatu kimoja cha Shangazi kikaelea taratibu kuelekea kwa dereva.

"Nicodemus! Kiatu changu!"

"Shika keki, wewe!"

Nanyama alijaribu kujizuia. Aliuma shela. Kisha kicheko kikampasuka, akacheka mpaka gari likatikisika. Alipopata pumzi alikunja gauni, akalifunga kiunoni, akafungua mlango na kushuka. Maji yalimfika juu kidogo ya goti.

"Makokha!" akaita. "Nimekuja mwenyewe!"

Kwaya ikalipuka. Wanaume wakavua viatu, wakaingia na kamba, wakalivuta gari huku wakiimba wimbo uliokuwa umetengwa kwa ajili ya madhabahu. Shangazi alibebwa mgongoni, keki kichwani, akiwaamuru wote waende polepole.

Ukingoni Makokha alifungua boneti. Kila kitu kilikuwa kimelowa, na hakuna aliyekuwa na kitambaa kikavu. Nanyama akaivua shela, ambayo alikuwa ameikunja kichwani isiguse maji.

"Tumia hii."

"Bibi yangu, itajaa grisi."

"Kwani naolewa na nani? Si fundi?"

Makokha akapangusa plagi moja moja, na nyaya zake zote. Injini ikagoma, ikagoma tena, kisha ikanguruma. Watu walipiga vigelegele kana kwamba mtoto amezaliwa. Mjomba Nicodemus akavaa kofia yake. "Mnaona? Gari hili linaogelea."

Nanyama alifunga ndoa gauni likichuruzika, shela ina alama nyeusi za vidole. Mhubiri aliuliza kama anamkubali Makokha, naye akaangua kicheko tena. Ikabidi aulizwe upya.

Shamba liliwapa nyumba karibu na kivuko kile. Mvua ikinyesha, madereva walimkuta ukingoni, sketi imekunjwa, akiingia majini kuwapimia, ikiwa mto umetulia. Maji yakiwa chini ya nusu ya gurudumu aliwapungia: gia ya kwanza, polepole, usisimame katikati, na ukitoka gusagusa breki zikauke. Yakizidi hapo, au mto ukianza kwenda kasi, hata yeye hakutia mguu. Aliwatengea chai wangoje.

Dereva mmoja wa lori la viazi kutoka Mau Narok, aitwaye Kipketer, alikunywa chai hiyo asubuhi nzima, sufuria ya mihogo ikichemka jikoni. Adhuhuri Nanyama alimwambia mto umepungua, anaweza kwenda.

"Mama, una hakika?" akauliza, akisogeza kikombe. "Hebu tungoje kidogo. Mihogo hiyo haijaiva?"