Kona ya Ubaoni

Mume wangu Danstan ni fundi redio hapa Nyamiaga, ana miaka arobaini na miwili, na anachezea vigari. Sebuleni kwangu, mahali ambapo wenzangu wameweka makochi, pamelala ubao mrefu wenye mfereji katikati na nyaya mbili za betri kandokando. Kigari chenye mota ya redio kaseti mbovu kinafuata mfereji huo hadi kwenye kona. Kikifika hapo kinachomoka na kuanguka. Jamani, mume huyu nilimchagua mwenyewe.

Kona hiyo aliichonga makusudi. Ndiyo ile ya mteremkoni ambako lori la baba mkwe, Mzee Matiasi, lilipinduka miaka kumi na moja iliyopita akiliendesha mwenyewe, likamuua Fideli, mdogo wake Danstan, aliyekuwa utingo. Tangu hapo mzee akiulizwa husema tu kwamba Mungu alipanga. Danstan alitaka kujua kilichotokea, basi. Nilimhurumia hata nilipokuwa namgombeza.

Magurudumu aliyakata kwenye kandambili, yakawa yanateleza. Akili ya watu wa migombani ikamwambia apake utomvu wa mgomba, maana kila mtu hapa anajua unavyong'ang'ania nguoni. Kweli, mizunguko mitatu kigari kilishika njia, hata mimi nikapiga makofi. Wa nne utomvu ulikuwa umekauka, umezoa vumbi, umekuwa mgumu kama kigae. Kigari kikarukia sufuria yangu ya maharage. Niliyoyasema siyarudii, mimi ni mwanakwaya.

Jumamosi mzee akaja kutusalimia. Nilimpa shikamoo na kiti, naye Danstan akawasha mtambo wake bila maelezo. Mzee alikitazama kigari kikianguka mara moja, mara mbili. Akakiokota, akapitisha kidole gumba kwenye gurudumu, akaomba mpira wa ndani wa baiskeli, msasa na petroli kidogo. Akayavisha magurudumu mpira, akausugua mpaka ukapoteza mng'ao, akaufuta kwa petroli, wala hakuwa na haraka. Alisema mpira laini na safi hushika njia, lakini uliochakaa humdanganya dereva.

Kigari kikapita kona. Kikapita tena. Danstan hakukiangalia, alikuwa anamwangalia baba yake.

"Baba, siku ile breki zilikataa?"

Mzee aliweka mikono magotini. Nilitamani kwenda jikoni, lakini nami nilitaka kusikia.

"Breki zilikuwa nzima," alisema. "Tairi za nyuma zilikuwa vipara, na nilijua. Fideli aliniambia tangu Biharamulo. Nikamwambia anyamaze, tutafika."

Niliogopa Danstan atamfukuza. Hasira aliipata, niliiona shingoni mwake. Alizima betri, akavuta kigoda, akaketi karibu na baba yake. Akamuuliza Fideli alisema nini kingine njiani, na mzee, kwa mara ya kwanza, akaanza kusimulia.