Soli ya Kati

Kwa miaka tisa botini za papa, baba yetu, zilikaa juu ya kabati la chumba cha maman, zikiwa zimefungwa ndani ya kitenge cha zamani. Kila mwisho wa mwezi maman alizishusha, akazifuta vumbi, akazipaka mafuta ya ngozi, akabadilisha karatasi za gazeti alizozijaza ndani ili umbo lisibomoke, kisha akazirudisha. Sisi watoto hatukuzigusa. Hakuna aliyetukataza, tulielewa tu.

Zilikuwa botini za kupandia milima. Mgeni mmoja aliyekuja kutembea katika msitu wa Kahuzi alimwachia papa siku ya kuondoka, kwa kuwa miguu yao ilikuwa namba moja. Papa alikuwa mkaguzi wa shule za msingi, na shule zake zilikuwa mahali ambapo pikipiki hufika nusu ya njia, kisha mtu anashuka na kumalizia mwenyewe. Nakumbuka jinsi alivyoziweka mezani, katikati ya sahani, maman akilalamika, akatueleza zilivyojengwa. Ngozi ya juu ilikatwa kwa kipande kimoja, kwa sababu kila mshono ni mlango wa maji. Ulimi ulishonwa pande zote mbili hadi karibu na juu, matope yasiingie. Nyuma kulikuwa na gamba gumu lililoshika kisigino kisicheze, na mbele mpira uliozunguka vidole ili jiwe lisiumize. Chini kabisa palikuwa na soli nyeusi yenye meno. Kati ya soli hiyo na ngozi palilala tabaka la povu la kijivu kama sifongo, nene kama kidole gumba.

"Hii njo inabeba mutu," papa alisema, akilibonyeza kwa ukucha. "Ingine yote ni mapambo."

Alizitembelea misimu miwili. Kisha ikaja wiki ambayo ilimbidi aende upande wa Shabunda, na habari zikawa zimetangulia kwamba huko, kwenye kivuko cha mto, wenye silaha walikuwa wakiwavua wasafiri viatu vizuri, na kwamba aliyevaa botini angeweza kudhaniwa kuwa askari.

"Uache hizo," maman alimwambia asubuhi ya safari. "Batakuua juu ya viatu."

"Na miguu yangu, maman?"

"Miguu iko yako toka kuzaliwa. Inajua njia kuliko wewe."

Papa alicheka, akavaa sandali za plastiki, akatoka.

Hakurudi. Baada ya majuma mawili mwalimu aliyesafiri pamoja naye alikuja nyumbani, akakaa kwenye ukingo wa kiti, akaeleza. Walisikia risasi. Watu walitawanyika wakishuka mteremko wa mawe, na yeye alipogeuka alimwona papa amebaki nyuma, ameinama, anashika mguu. Kesho yake alirudi pale na wanakijiji. Walikuta sandali moja, mkanda umekatika. Aliitoa kwenye mfuko, akamkabidhi maman kwa mikono miwili.

Mwili haukupatikana. Kwa hiyo maman alikataa matanga, alikataa misa ya wafu, na alikataa kuitwa mjane. Alibaki na swali moja, nalo alilirudia kwa padri, kwa majirani, hata kwa sufuria alipodhani yuko peke yake jikoni: kama ningemuacha avae botini, angeweza kukimbia?

Mimi nilimaliza masomo ya maendeleo vijijini nikiwa na imani, ambayo sijaiacha, kwamba mtu hana haki ya kuandika ripoti juu ya kilima ambacho hakukipanda kwa miguu yake. Nilipata kazi ya kupima mmomonyoko wa mashamba upande wa Nyangezi. Mwezi wa kwanza nilikwenda na raba za mjini, nikateleza kwenye udongo mwekundu, nikarudi kifundo cha mguu kimevimba kama boga. Maman alinikanda kwa maji ya chumvi. Siku nne baadaye alipanda kwenye kiti, akashusha kitenge, akakiweka mapajani mwangu.

"Siwezi kutuma mutu wa pili na viatu bibaya," alisema.

Nilivaa soksi jozi mbili. Ngozi ilikuwa laini kama ya mwaka wa kwanza. Ndani, kwenye wayo wa kiatu, pale mguu unapokanyaga, niligusa vishimo vitano ambavyo vidole vya papa vilikuwa vimechimba, na nilipopiga hatua vidole vyangu havikuvifikia. Njia nzima nilihisi kwamba mbele yangu, ndani ya kiatu hicho hicho, kulikuwa na mtu mwingine anayetangulia.

Saa ya kwanza zilinibeba vizuri ajabu. Mawe niliyozoea kuyahisi moja moja sasa yalinyamaza. Saa ya pili, nikiwa katikati ya kilima, mguu wa kulia ulianza kuyumba, kama mtu aliyekanyaga mkate. Niligeuka. Nyuma yangu, juu ya njia, kulikuwa na makombo ya kijivu, hatua kwa hatua, hadi nilikotoka. Nilipoinua mguu, soli yenye meno ilibaki chini peke yake, nzima, imelala. Povu la kati lilikuwa limegeuka unga. Nililishika, likavunjika mkononi bila sauti. Mguu wa kushoto haukufika kona iliyofuata.

Wanawake waliokuwa wakipalilia maharage waliacha majembe.

"Agronome, umeacha ugali mu njia," mmoja alisema, akiniita kama wanavyomwita kila mtaalamu wa kilimo.

"Mumuache," mwenzake akamjibu. "Anapanda viatu. Tutavuna botini mu mwezi wa sita."

Walicheka, nami nikacheka nao, kisha nikavua botini na soksi, nikapanda pekupeku kama wao. Lakini sikuwa nikisikia mzaha wao. Nilikuwa nikiwaza mteremko mwingine, na nilijua swali litakaloningoja nyumbani. Kama povu lilikuwa limeoza tangu siku ile, basi maman alikuwa amejitesa miaka tisa bure. Nilitamani liwe limeoza. Nilitamani hivyo kwa nguvu ambayo haimfai mtu anayedai kupenda ukweli.

Nilipofika mjini sikwenda nyumbani kwanza. Nilizipeleka kwa muzee mmoja fundi wa viatu, kando ya soko la Kadutu, mtu wa kofia na miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye papa alikuwa akimpelekea viatu vya familia yote. Alizigeuza, akanusa ndani, akasugua unga wa kijivu kati ya vidole.

"Hii povu si mupira," alisema. "Inakunywa maji ya hewa polepole, hata ukiweka juu ya dari. Ukitembea nayo, unaikamua. Ukiilaza, inaoza mu tumbo, na ngozi iko inang'aa vilevile. Kama tajiri mugonjwa."

"Ilianza kuoza lini, muzee?"

Alichukua soli yenye meno, akapitisha kidole.

"Angalia. Meno iko bado. Huyu mutu hakuimaliza. Hii ilikufa kisha yeye kuivua, miaka mingi kisha."

"Siku aliyoivua?"

"Siku ile ilikuwa nzima, binti yangu. Ingelimufikisha hata Kindu, mbali kule."

Nilimweleza basi kwa nini niliuliza. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa kofia.

"Hiyo iko rahisi," alisema. "Umwambie maman zilikuwa zimeoza toka zamani. Akibisha, umulete. Fundi akisema kiatu iliisha, nani atapinga? Miaka makumi tatu ninadanganya batu kwamba kiatu yao itakuwa tayari kesho. Nishindwe na hii moja?"

Ningependa kuandika kwamba nilikataa palepale. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikipanga maneno, nikichagua lililo laini zaidi, pale kivuli kilipoanguka juu ya botini. Maman alikuwa amesimama mbele ya kibanda na kikapu chake cha sombe, majani ya muhogo. Alikuwa ametoka sokoni, akaniona.

Aliangalia ngozi, akaangalia soli iliyolala kando, akaangalia unga juu ya aproni ya muzee. Aliweka kikapu chini.

"Muzee, hii ilikufa lini?"

Muzee alianza kutafuta chupa ya kole, gundi yake, iliyokuwa mbele ya macho yake. Kisha akanitazama mimi. Maman akageuka, naye akanitazama.

"Zilikufa juu ya kabati, maman," nilisema. "Siku papa alipozivua zilikuwa nzima."

"Zingelimubeba?"

"Ndiyo. Zingelimubeba."

"Maman," muzee akaingilia upesi, "kwenye mto bangelimuvua. Ao bangelimupiga juu yazo. Wewe ulisema maneno ya akili siku ile. Na risasi haiulizake mutu amevaa soli gani."

"Sikukuuliza risasi," maman alisema. "Nilikuuliza soli."

Alikaa juu ya kigoda cha wateja. Nilingoja machozi, na nikiri kwamba niliyatumaini: nilikuwa nimesoma na kuamini kwamba ukweli ukisemwa huzuni hupata njia ya kutoka, na kwamba baada ya hapo tungeweza kuomba misa, kukaa matanga, kumwacha papa aende. Maman hakulia. Alinyoosha kidole kuelekea unga wa kijivu.

"Nilizipaka mafuta kila mwezi."

"Mafuta ni ya ngozi," muzee alisema kwa upole. "Povu haitake mafuta. Inataka mwendo. Kiatu ya kulala njo inakufa."

Maman aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayesomewa jinsi ya kunywa dawa.

"Uweke soli ingine."

"Nitaweka ya tairi. Na huku mbele nipunguze kidogo? Binti huyu mguu wake ni mudogo."

"Usipunguze kitu. Ni namba ya mwenyewe."

Muzee alikata tairi la gari kwa kisu kilicholowa maji, akapiga kole, akashona mzingo wote kwa sindano ya ndoano na uzi wa nailoni, kwa kuwa kole peke yake, alisema, ni ahadi ya mwanasiasa. Wayo wenye alama za vidole aliurudisha ndani, kwa amri ya maman. Nilikwenda kuzichukua siku ya tatu. Zilikuwa nzito zaidi kuliko zamani.

Jumamosi iliyofuata, mchana, nilikuwa sebuleni nikiandika ripoti yangu ya Nyangezi. Uani zikasikika hatua. Zilikuwa hatua nzito, kisigino kwanza, kisha mbele, hatua za mwanamume asiye na haraka anayerudi kutoka mbali. Mwili wangu ulisimama kabla akili haijajua kwa nini. Mdogo wangu, aliyekuwa akipiga pasi, aliacha pasi juu ya shati hadi likaungua.

Nilifungua mlango. Alikuwa maman. Alikuwa amevaa soksi jozi tatu na botini za papa, kamba zimekazwa kifundoni, amepandisha kitenge kidogo ili asikikanyage, anatembea kutoka jikoni hadi kwenye tangi la maji na kurudi.

"Nazitembeza zipumue," alisema, bila kusimama. "Akirudi, asikute zimekufa tena."

Tangu hapo hufanya hivyo kila alasiri, mvua isiponyesha, na wakati mwingine hata ikinyesha. Mdogo wangu huondoka nyumbani saa hiyo; anasema hawezi. Mimi hubaki. Nilikuwa nimempa maman ukweli ili aache kungoja, naye aliupokea wote, akautumia kungoja vizuri zaidi.

Siku ile ya kuzichukua, muzee alinieleza jambo moja la mwisho. Tairi haina povu. Haiugui ugonjwa ule. Unaweza kuilaza juu ya kabati hata miaka ishirini, ikaamka vilevile. Botini hizi hazihitaji tena kutembezwa na mtu yeyote.

Hilo bado sijamwambia maman. Nakaa na kalamu mkononi, nasikiliza. Ni hatua ishirini na mbili hadi kwenye tangi. Pale hugeuka, nazo hatua huanza upya.