Rundo Lililoshika Mlango

Usiku kucha Mama Mhariri hakupata hata lepe la usingizi. Simu aliilaza kifuani, akingoja habari za binti yake. Alfajiri simu ikalia.

"Mama, wamekubali kuja leo."

Wafadhili hao! Wakikataa kusaidia, gazeti la binti yake linafungwa mwisho wa mwezi.

Mfagiaji alikwishaachishwa kazi, basi mama akachukua ndoo na fagio, akajipeleka mwenyewe. Alisugua chumba cha habari mpaka waandishi wakaanza kutembea kwa adabu. Mlangoni mwa ofisi ya binti yake akakuta rundo la magazeti yaliyorudi bila kuuzwa, limefungwa kamba, limelala kama mbwa mzee.

"Aibu gani hii mbele ya wageni?" Akaliburuta hadi stoo.

Kila mtu pale alijua kazi ya lile rundo. Lilizuia mlango usijifunge, kwa maana kitasa cha ndani kiling'oka zamani na cha nje huzunguka bure. Kila mtu, ila yeye.

Wageni wakafika: mama mnene mwenye miwani na bwana mrefu asiyecheka. Wakaingia kwa mhariri. Upepo ukapita. Pa!

"Nani katoa magazeti?" akauliza mwandishi wa michezo.

Mama akanyoosha kidole kama mtoto darasani.

"Mama yangu, umetufunga goli langoni kwetu!" Akatimka kutafuta bisibisi.

Mama akabandika sikio mlangoni. Ndani binti yake alikuwa akisema, "Tunachohitaji hasa ni kuimarisha mikakati ya kimsingi ya..."

Mama akajishika kichwa. Mtoto huyu! Tangu mdogo hajui kuomba. Akiwa na njaa alikuwa akisema tu, "Mama, jikoni kunanukia vizuri."

Akashindwa kuvumilia. Akainama kwenye tundu la ufunguo.

"Mwanangu, omba! Waambie hujalipwa tangu mvua za mwaka jana!"

"Mama, jamani, nyamaza!"

"Sinyamazi! Waambie mpiga picha anapiga za harusi ndipo ale, halafu anawapigieni nyinyi bure. Waambie siku mfagiaji alipoondoka, wewe ulilia kuliko yeye!"

Mama akajiziba mdomo kwa mkono: nimemharibia mtoto.

"Huyo ni nani?" ikauliza sauti ya bwana.

"Mama yangu," binti akajibu, kwa sauti ya mtu anayetamani ardhi ipasuke.

Mwandishi wa michezo akarudi mbio. Bawaba ya juu ikatoka, ya chini ikafuata, na mlango mzima ukamwangukia kifuani. Akaukumbatia kama golikipa.

Mama alikuwa bado ameinama, tundu limemhama usoni. Mbele yake, mwenye miwani alikuwa akisogeza kiti kingine.

"Ingia ukae, mama. Binti yako anatuzungusha tangu tufike, hatujui anataka nini. Hebu endelea, ulikuwa umefika kwa mfagiaji."