Mkono wa Kushoto wa Vuyokazi

Kila asubuhi, kabla birika halijachemka, Vuyokazi hujipaka jeli ya homoni mkono wa kushoto, kuanzia begani hadi kwenye kikunjo cha kiwiko. Huiacha ikauke huku akitazama moshi ukipanda juu ya mabati ya mtaa wa Mdantsane, na kwa kitambo hicho huwa kama anaota akiwa macho. Ngozi inalainika. Kifua kinauma kidogo. Kwenye kioo, uso wake mwenyewe unakuja polepole, kama mgeni aliyesubiriwa miaka mingi.

Mkono wa kulia haupaki kitu. Huo ni wa kazi.

Lakini leo hakujipaka. Jana walimpigia simu kutoka kliniki: kipimo cha damu kimeonyesha homoni imepanda mno, aache jeli hadi aonane na daktari. Alishika chupa, akairudisha kabatini. Kwenye kioo, yule mgeni alionekana kurudi nyuma hatua moja.

"We Vuyo, unasuka au umelala?" Mama Nozuko, mteja wake wa asubuhi, alimchokoza, nusu ya kichwa chake ikiwa bado timutimu. "Usinipeleke kanisani na kichwa cha kichaa!"

"Tulia, mama. Ukizidi kutikisika nitakusuka na masikio."

Mama Nozuko akacheka, kisha akamgusa goti. "Ni leo kliniki, eh? Malizia mistari hii uende, mwanangu. Umenuna tangu nimekaa."

Kule kliniki, Daktari Sibeko alikuwa mwanamke wa sauti ya chini, sauti iliyofanya hata habari mbaya isikike kama inatoka chumba cha pili.

"Estrojeni yako, homoni ya kike, imepita kiwango mara kadhaa. Ikiwa ni kweli, itabidi tuendelee kuisimamisha jeli. Damu inaweza kuganda."

Vuyokazi akageukia dirisha. Alifikiria kioo cha nyumbani, kikiwa kitupu.

"Ila testosteroni, ile ya kiume, haijashuka sana," daktari aliendelea, akikunja uso. "Estrojeni ingefurika hivi, hii ingekuwa chini kabisa. Namba hizi mbili hazisimulii habari moja."

"Sasa ipi inadanganya, daktari?"

"Nashuku ya kwanza. Jeli hata ikikauka hubaki juu ya ngozi. Sindano ikipita hapo huibeba, na maabara huipima kana kwamba yote ilikuwa ndani ya damu. Kama ndivyo ilivyokuwa, leo tunapima upya mahali pasipopakwa, na dawa yako siipunguzi."

Vuyokazi akamkumbuka kijana wa maabara akimwambia, "Nipe mkono wowote, dada," naye akiuficha mmoja mapajani, kwa kuwa kulikuwa na vichwa vitatu vya kusuka vikimngoja.

"Siku ulipopimwa," daktari aliuliza, "ulitoa damu mkono gani?"

"Wa kushoto, daktari. Huohuo ninaojipaka. Wa kulia nausukia."