Kompresa ya Siku Moja

Jumatatu, tarehe 11 Novemba 2024. Usiku mvua ilinyesha Cheptiret. Asubuhi palikuwa na ukungu na baridi, na jua halikutoka hadi saa nne.

Nangila, fundi wa matairi kando ya barabara kuu, alifika kazini mapema kuliko kawaida. Kompresa yake ya zamani ya kujazia matairi upepo, ya petroli, ilikuwa imekufa katikati ya mavuno, wakati malori ya mahindi hupita mchana kutwa na pancha hazikosi. Mwenye duka mmoja mjini Eldoret alimpa ya stima aijaribu siku moja tu. Kesho yake angeamua: abaki nayo, au airudishe achukue ya petroli.

Mwenyewe aliitaka ya stima. Si kwa ajili yake, kwani masikio yake yalishazoea kelele za petroli. Aliyemfikiria ni Jepchumba, jirani yake kwa miaka kumi na mmoja sasa, ambaye kibanda chake cha chai kiko hatua nne kutoka kwenye rundo la matairi. Miaka hiyo yote Jepchumba aliuza chai katikati ya moshi na kelele za petroli na kuzungumza na wateja kwa mikono. Alilalamika mara moja tu, na siku hiyo alikuwa na homa.

Saa mbili Nangila alichomeka waya. Jepchumba akatoa kichwa dirishani.

"Mama Ronnie, leo nimesikia maziwa yangu yakichemka."

"Usizoee bado, Mama Sharon," Nangila akamjibu.

Saa tatu Mzee Kibet, wa upande wa pili wa barabara, akawasha kisiagi chake cha mahindi. Cheptiret nzima inajua kwamba kisiagi kikisaga, stima hupungua na taa za madukani hufifia. Nangila naye alijua, ila furaha ya kumtafutia rafiki yake utulivu ilimsahaulisha. Sasa Murunga, dereva wa lori, alikuwa amesimama pale na tairi la nyuma limelala. Nangila aliliziba, akabonyeza swichi. Mota ikavuma tu, haikuzunguka.

"Fundi, hiyo mashine inafanya kazi ama inaomba?" Murunga akauliza.

"Inamngoja Mzee Kibet amalize."

"Na mimi nangojwa kule Turbo."

Mzee Kibet akazima kisiagi dakika kumi ili tairi lijazwe. Akina mama waliopanga foleni na ndoo za mahindi wakamgeukia Nangila. "Kumbe siku hizi unga unatoka kwa matairi?" mmoja akasema. Malori mengine yakaja, na Nangila alipoomba kizimwe mara ya nne, Mzee Kibet akatikisa kichwa. "Nangila, mimi nakupenda, lakini hawa watanisaga mimi."

Jioni aliketi kwa Jepchumba, kikombe mkononi, bila kunywa.

"Nitachukua ya petroli."

"Najua. Si nilikuwa naona?"

"Nilitaka na wewe upumue."

Jepchumba alifuta mikono kwa leso, akatoka, akaanza kuhesabu hatua kutoka kwenye rundo la matairi, akapita nyuma ya kibanda, hadi kwenye ua wa miti ya misaiprasi wa malisho ya Mzee Kibet.

"Ishirini na tisa," akaita. "Si kuna paipu ya hewa ya kufika hapa? Mashine ikae huku ipigie ng'ombe wa Mzee Kibet kelele."

Nangila alicheka mpaka chai ikamwagikia magotini.

Asubuhi iliyofuata alikuwa mlangoni pa duka kabla halijafunguliwa. Alirudisha kompresa ya stima, akachagua ya petroli, akaagiza apimiwe paipu mita thelathini na tano, kwa kuwa miguu ya Jepchumba ni mirefu.